Aliyesaini Kibali Ahesabu Visiki

Ibara ya 27 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania imempa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya nchi. Imesema kila mtu. Haikumtoa mwenye muhuri wa ofisi, haikumtoa mwenye pikipiki, wala haikumtoa mama lishe wa Manzese ambaye msituni hajakanyaga lakini moto wa jiko lake unatoka huko. Tunaanza na Katiba kwa makusudi, maana katika ukanda wa Mbwawa, mkoani Pwani, kuanzia mitaa ya Kibaha hadi vijiji vya Kisarawe, wajibu huo umegeuzwa mpira wa kurushiana. Mchoma mkaa anamtaja dalali wa viwanja. Dalali anamtaja mwenyekiti. Mwenyekiti anasema wenye hifadhi ni watu wa misitu, nao watu wa misitu wanasema askari hawatoshi, gari halitoshi, mafuta hayatoshi. Kila mmoja ana la kusema, na katika maneno ya kila mmoja kuna ukweli kidogo. Miti inakatwa wakati wao wanajieleza.

Tuseme kwanza ni nini kinachopotea. Msitu wa Hifadhi wa Ruvu Kusini, wenye takriban hekta 35,000, umekaa Kibaha na Kisarawe. Mashariki yake, karibu zaidi na Dar es Salaam, iko misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, iliyowekwa chini ya hifadhi tangu enzi za mkoloni na ambayo leo ni hifadhi moja ya mazingira asilia. Haya ni mabaki ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, na mabaki ndilo neno lenyewe. Humo anaishi komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku asiyefika gramu 100, ambaye duniani kote hapatikani popote isipokuwa katika vipande vichache vya misitu ya Tanzania, kutoka Lindi hadi huku kwetu. Kati ya 2006 na 2012 jina lake lilikuwa katika orodha ya nyani na jamaa zao 25 walio hatarini zaidi kutoweka duniani. Mkoa wa Pwani una kiumbe ambacho Ulaya na Amerika hazina, na tumekiweka jirani na tanuri.

Hakuna anayeweza kusema hakuonywa. Mwaka 2010 jarida la kisayansi la PNAS la Marekani lilichapisha utafiti wa Antje Ahrends na wenzake kuhusu misitu inayoizunguka Dar es Salaam, wakilinganisha hali ya 1991 na ya 2005. Walichokikuta ni mawimbi mawili yanayotoka jijini kwenda nje. Wimbi la mbele ni la mbao za thamani, lililokuwa likisonga kilomita 9 kwa mwaka. La nyuma yake ni la mkaa, kilomita 2 kwa mwaka. Kwanza inaondoka mininga, mivule na mikongo, kisha magogo ya hadhi ya chini, kisha chochote kinachoweza kuungua. Kibaha iko kilomita kama 40 kutoka katikati ya jiji. Piga hesabu: kilomita 2 kwa mwaka, kwa miaka 14 ya utafiti, ni kilomita 28. Wimbi hilo halikuwavamia watu wa Kibaha usiku wakiwa wamelala. Lilionekana likija, likapimwa, likaandikwa, na bado likapokewa kama mgeni asiye na taarifa.

Nalo haliendi lenyewe. Mchoma mkaa anakata magogo na kuyaburuta hadi sehemu tambarare, anayapanga makubwa katikati na madogo pembeni, anafunika kwa nyasi mbichi, kisha anafukia kwa udongo na kuacha tundu la kuwashia. Hapo kazi ndiyo imeanza. Siku za kwanza moshi ni mweupe na mzito, kwa kuwa kuni inatoa maji. Akiona moshi umekuwa mwembamba wenye rangi ya bluu anajua mkaa unaiva. Katikati ya hapo halali usingizi wa maana, kwa sababu udongo ukibomoka upande mmoja na upepo ukaingia, gogo lote linakuwa majivu na jasho lake limekwenda bure. Tanuri la kienyeji lililosimamiwa ovyo linatoa kilo 10 hadi 15 tu za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni. Fundi mwenye uzoefu, anayesubiri kuni ikauke na kupanga vizuri, anaweza kufika 20 au kupita kidogo. Kwa hiyo kila gunia la lumbesa linalopita Maili Moja, Kibaha, usiku juu ya pikipiki limeacha nyuma yake kuni za magunia mengi zilizopaa na moshi.

Tunamtaja mchoma mkaa kwa kina kwa sababu ndiye anayekamatwa. Picha za operesheni ni zilezile miaka nenda rudi: vijana wenye nguo zilizochakaa wamechuchumaa mbele ya magunia, baiskeli zao zimelazwa chini. Hatusemi wasikamatwe wakivunja sheria. Tunauliza mbona aliye juu yao hachuchumai.

Maana fedha ya mkaa si ndogo. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba biashara ya mkaa nchini ina thamani ya dola za Marekani milioni 650 kwa mwaka, kwamba karibu nusu ya mkaa wote unaishia Dar es Salaam, na kwamba serikali ilikuwa ikipoteza kiasi cha dola milioni 100 kila mwaka kwa ada na ushuru usiokusanywa. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba kati ya 2001 na 2007 kaya za Dar es Salaam zilizotegemea mkaa zilipanda kutoka asilimia 47 hadi 71. Ndani ya miaka hiyo, Januari 2006, mkaa ulipigwa marufuku. Marufuku yenyewe haikumaliza mwezi. Bei ilipanda, watu wakalalamika, biashara ikarudi palepale, na hakuna aliyeulizwa kwa nini amri ilitolewa bila kuwapo kitu cha kupikia badala yake. Amri ya namna ile si usimamizi. Ni kelele.

Sheria tunayo. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 imeweka misingi ya vibali, hifadhi na misitu ya vijiji. Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, ulianzishwa 2010 ili usimamizi uwe wa kitaalamu na mapato yasivuje. Kanuni za 2019, Tangazo la Serikali Na. 417, zimeeleza namna ya kuvuna magogo, nguzo, fito na mkaa. Na katika kila wilaya ipo Kamati ya Uvunaji, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya. Kwa hiyo mti unaovunwa kihalali una jina la mtu aliyeukubali ukatwe, na jina hilo liko kwenye karatasi. Hapo ndipo gazeti hili linapotaka wasomaji wakae na sisi kidogo, kwa kuwa ndipo mambo yanapoharibikia.

Kibali cha kuvuna ni ahadi ya pande mbili. Upande mmoja mvunaji analipa na kuchukua. Upande wa pili aliyetoa kibali anawahakikishia wananchi kwamba kinachochukuliwa kinaweza kuota tena kabla ya mtu mwingine hajaja kuchukua. Upande wa kwanza tunauona kila siku: stakabadhi zinakatwa, kizuizi kinafunguliwa, lori linapita. Upande wa pili hauna stakabadhi. Nani amerudi kwenye eneo lililovunwa baada ya miaka mitatu akahesabu visiki vilivyochipua? Nani ameandika ni vingapi vimeliwa na ng'ombe, vingapi vimeungua, vingapi vimeng'olewa kupisha mihogo? Kama hesabu hiyo ipo, ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kijiji watu waisome. Kama haipo, basi aliyesaini amefanya nusu ya kazi na amelipwa mshahara kamili.

Badala ya hesabu hiyo tunaletewa sherehe. Kila halmashauri nchini imeagizwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na kila tarehe 1 Aprili viongozi huvaa fulana, hushika majembe mapya na kupigwa picha kando ya miche iliyowekewa mbolea. Hatuna ugomvi na mche. Tuna ugomvi na takwimu inayohesabu miti siku ya kupandwa na kunyamaza siku ya kufa. Miche iliyopandwa Aprili inakutana na kiangazi miezi michache tu baadaye, na anayeimwagilia baada ya turubai kufunguliwa hayumo kwenye ratiba ya sherehe. Halmashauri inayoripoti milioni 1.5 bila kueleza mingapi iko hai mwaka wa tatu haijaripoti chochote.

Tena kwa misitu yetu ya pwani na miombo, urejeshaji wa kweli mara nyingi hauhitaji mche. Miti mingi ya asili huchipua kutoka kwenye kisiki kikiachwa salama. Kinachotakiwa ni kukata kwa utaratibu, kuacha kisiki kikiwa hai, kuzuia moto, kuzuia mifugo kwa miaka ya mwanzo, na kutoligusa eneo hadi muda wake ufike. Ni kazi isiyopendeza kwenye kamera. Haina utepe wa kukata. Labda ndiyo sababu haina mfadhili wala mgeni rasmi.

Na isisemwe kwamba haiwezekani, kwa kuwa imefanyika wilaya ya pili tu kutoka hapa, Kilosa. Kuanzia 2012 Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania (TFCG) na mtandao wa vijiji wa MJUMITA, kwa fedha za Uswisi, walisaidia vijiji kama Ihombwe, Ulaya Mbuyuni na Nyali kupima misitu yao na kuigawa. Sehemu ndogo ya msitu wa kijiji ilitengwa kwa mkaa, ikagawanywa vipande vya mita 50 kwa 50, na vipande vikavunwa kwa kurukana ili kila kilichokatwa kizungukwe na kisichokatwa. Mzunguko mzima ni miaka 24: kipande kilichovunwa mwaka huu hakirudiwi hadi mtoto aliyezaliwa leo awe mtu mzima. Kingo za mito ziliachwa, miteremko mikali iliachwa, miti ya mbao iliachwa. Ada ya mkaa iliingia mfuko wa kijiji, na wanakijiji wakakaa mkutanoni kuamua ijenge darasa au zahanati. Mchoma mkaa akawa mtu mwenye kitambulisho na eneo lake, na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kumripoti anayeingia kwa mlango wa nyuma. Kilosa si peponi, mpango ule ulikuwa na migogoro yake. Lakini ulithibitisha kwamba mkaa na msitu vinaweza kuishi mahali pamoja pakiwapo mtu anayehesabu.

Karibu zaidi, Ruvu Kaskazini, mwanzoni mwa miaka ya 2000 kaya zilipewa vipande vya hekta 3 ndani ya eneo la hifadhi lililokwisha kuharibika, zipande miti ya kuni inayokua haraka, zikiwamo aina za akasia kutoka Australia, na kulima mazao katikati ya mistari wakati miti ni midogo. Wazo lilikuwa jepesi na la busara: aliyekuwa akiiba kuni apewe mahali pa kuziotesha. Mawazo kama hayo hapa nchini hufa mradi ukifika mwisho, kwa sababu yanahesabiwa kuwa mali ya mradi, wakati yalipaswa kuwa kazi ya kawaida ya ofisi.

Wapo wanaojifariji kwamba kuni zikiisha tutachimba kingine. Wawatazame majirani. Burundi, yenye watu wengi na misitu michache, iliunda shirika lake la umma la ONATOUR mwaka 1977 ili kuchimba udongo mweusi wa vinamasi unaoungua, ule ambao Wanyarwanda huuita nyiramugengeri, na kuupeleka kwenye majiko ya kambi na taasisi. Rwanda ilikwenda mbali zaidi, ikajenga vituo vya umeme vinavyochoma udongo huo: kile cha Gishoma, Rusizi, cha megawati 15, na kingine kikubwa zaidi Gisagara, katika bonde la Akanyaru. Gishoma kimekuwa kikifanya kazi chini ya uwezo wake. Tatizo la udongo huo ni umri. Ni majani na mizizi ya mafunjo iliyozama majini ikashindwa kuoza, nayo hujengeka kwa kiasi cha milimita moja hivi kwa mwaka. Mita moja inayochimbwa msimu mmoja imekusanywa kwa takriban miaka elfu. Kisiki cha Mbwawa angalau kinachipua.

Na kinamasi kikishakaushwa, kukirudisha ni shughuli. Indonesia iliachia mashamba na mifereji ikaushe vinamasi vyake, na mwaka 2015 moto uliteketeza zaidi ya hekta milioni 2.6 za nchi hiyo, karibu theluthi yake ikiwa ni udongo wa aina hiyo unaoungua chini kwa chini hata mvua ndogo haiuzimi. Januari 2016 Rais Joko Widodo akaunda wakala maalumu wa urejeshaji: kuziba mifereji, kurudisha maji, kupanda upya. Waliziba kwa gharama kubwa mifereji iliyochimbwa kwa bei rahisi. Hapa Afrika, vinamasi vya bonde la Kongo, ambavyo ukubwa wa hazina yake ulitangazwa na wanasayansi 2017, vimefungia takriban tani bilioni 30 za kaboni, na hata hivyo mwaka 2022 Kinshasa ilinadi vitalu vya mafuta ambavyo baadhi vimeingia humo, kabla ya mnada kufutwa 2024. Tunayataja haya ili ijulikane kwamba nchi inayomaliza msitu wake haifiki mahali pa kupumzika. Inafika kwenye bonde, inaanza kuchimba.

Sasa tuwageukie wakazi wa Dar es Salaam, 5,383,728 kwa sensa ya 2022, ambao wengi wao wangependa tahariri hii iishie Kibaha. Haiishii huko. Maji yao mengi yanatoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu, Mlandizi, na Ruvu Chini, Bagamoyo. Mkaa wao unatoka bonde hilohilo na yanayofuata. Ukame ulipokaza mwishoni mwa 2022, Ruvu Chini, yenye uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, ikashindwa kufikia kiwango chake na jiji likapewa maji kwa mgao. Siku zile kila mtu alikuwa mtaalamu wa vyanzo vya maji. Mvua iliponyesha utaalamu ukakauka. Jiji linalochukua maji, mkaa, mchanga na kuku kutoka Pwani lina deni Pwani, na deni hilo halilipwi kwa kuulizia bei ya gunia.

Serikali imezindua, Mei 2024, Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Kabla yake, taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilipewa hadi 31 Januari 2024 ziache kuni na mkaa. Tunaunga mkono. Lakini tarehe ile ilishapita, na kila mwalimu mkuu anajua jiko la shule yake linachoma nini leo. Mkakati wa nchi nzima unaanza kuaminika pale sufuria ya shule ya serikali, ya kambi na ya gereza inapokaa juu ya gesi. Na mama lishe asiambiwe anunue mtungi wa gesi kwa pesa ya mkupuo wakati mkaa anaununua kwa kopo, kila asubuhi, kwa kiasi alichonacho mkononi. Anayetaka aache mkaa amuuzie gesi kwa kipimo hichohicho.

Liko jambo moja linalopita mkaa, nalo husemwa kwa sauti ndogo. Kando ya Barabara ya Morogoro na ndani ya kata kama Mbwawa, Visiga na Misugusugu, ardhi ina bei na bei inapanda. Mara nyingi mkaa ni faida ya njiani kwa mtu aliyekuja kusafisha eneo ili alime, au ili aonekane amelima, na baadaye auze viwanja. Tanuri likishapoa hupandwa mihogo michache. Mihogo ndiyo ushahidi wa umiliki. Miaka miwili baadaye kuna vigingi. Kisiki kilichozungushiwa ukuta wa matofali hakitachipua hata kikisubiriwa miaka 24. Kijiji kisicho na mpango wa matumizi bora ya ardhi wala mipaka iliyopimwa ya msitu wake hakina cha kumwonyesha dalali, na kumkabidhi mwenyekiti wa kijiji kazi ya kumzuia mnunuzi mwenye fedha bila kumpa ramani wala hati ni kumtega.

Kwa hiyo tunazitaka Kamati za Uvunaji za Kibaha na Kisarawe zifanye haya kabla ya kutoa kibali kingine hata kimoja. Zitangaze hadharani, kijiji kwa kijiji, vibali vilivyotolewa katika miaka mitano iliyopita, eneo lililovunwa na kiasi kilicholipwa. Ziende porini na wataalamu wa TFS na wazee wa vijiji husika wakahesabu visiki vilivyo hai, na hesabu ibandikwe mahali watu wanapopitia. Halmashauri zitenge fedha za kupima mipaka ya misitu ya vijiji mwaka huu wa fedha, si katika mradi ujao. Na Dar es Salaam ichangie, kwa sababu ndiyo inayopika.

Mkuu wa Wilaya asiyeweza kufanya hivyo aache kusaini.